Kitanda cha Maji: Cheka, Lakini Umjue Mgonjwa Wake

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Walinena hivyo kwa kuwa hawakuwahi kukiona kitanda ambacho adui yake si kunguni bali sindano. Nazungumzia kitanda cha maji, mpenzi msomaji. Lile godoro la plastiki nene linalojazwa maji badala ya sponji au pamba, na anayelilalia huyumba kama aliye ndani ya mtumbwi pale Mbita.

Huenda hujawahi kulala juu yake, lakini bila shaka umekiona kwenye filamu. Katika filamu ya Marekani iitwayo Edward Scissorhands, iliyotoka mwaka wa 1990, kuna kijana ambaye badala ya vidole ana mikasi. Maskini ya Mungu anapewa chumba, anajilaza kitandani, na kumbe kitanda chenyewe ni cha maji! Mikasi inatoboa, maji yanaruka juu kama bomba lililopasuka. Watazamaji wakacheka mpaka machozi. Tangu miaka ya 1970, kitanda hiki kimekuwa mtaji wa wachekeshaji wa ng'ambo. Mara kimetobolewa na paka, mara mtu mnene kaketi upande mmoja na mwenzake karushwa sakafuni, mara mpangaji wa juu kaloweshea wa chini dari.

Hebu tukilete kitanda hicho hapa Suna tuone kama kitaingia mlangoni.

Tuseme bwana mmoja wa mjini Migori, mwenye duka na jina lake, ameamua kumfurahisha mkewe kwa kitanda cha maji cha futi sita kwa sita. Ukikijaza kwa kina cha inchi tisa, kinameza karibu lita 760. Ukipima kwa mitungi yetu ya lita 20, hiyo ni mitungi 38! Punda anayebeba mitungi minne atakwenda safari kumi kutoka mto Migori, na bado bwana hajalala. Majirani watauliza, "Huyu anajenga nyumba au ana matanga?" Na akijibiwa mtu kwamba maji yote hayo ni ya kulalia, si ya kunywa wala kufulia, basi habari itafika Isebania kabla ya punda kurudi safari ya pili.

Hayo si yote. Kitanda hicho kikijaa kina uzito wa zaidi ya kilo 750, sawa na magunia manane ya mahindi ya kilo 90, na zaidi. Ndiyo sababu wenye nyumba wengi wa Marekani waliandika katika mikataba yao kwamba mpangaji haruhusiwi kuingia na kitanda cha maji. Isitoshe, maji yakiwa baridi kuliko mwili humnyonya mlalaji joto usiku kucha, kwa hivyo lazima kuwe na kifaa cha umeme cha kuyapasha. Stima ikipotea usiku wa manane, kama ilivyo desturi yake, bwana na bibi wataamka wakitetemeka kana kwamba wamelala mtoni. Na dawa nayo hutiwa ndani, la sivyo maji huota ukungu na kunuka.

Kwa hivyo usishangae kwamba kitanda hiki hakikuenea kwetu. Hata huko kwao Marekani kiling'ara kisha kikafifia. Kufikia mwaka wa 1987, karibu godoro moja kati ya kila matano yaliyouzwa nchini humo lilikuwa la maji. Miaka michache baadaye watu walichoka kuziba matundu, wakarudi kwenye magodoro yao ya zamani. Kilichobaki ni vichekesho.

KWA NINI TUNACHEKA KITANDA?

Swali ni hili: mbona kitanda, miongoni mwa vyombo vyote vya nyumbani, ndicho kinachochekesha zaidi? Hakuna anayeangua kicheko akitajiwa kabati. Lakini mtaje mtu na "sita kwa sita", utaona mabega yakitikisika.

Sababu ya kwanza ni kwamba kitanda ni mahali pa siri. Methali yetu yasema kitanda hakizai haramu, maana yake mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni halali, na yaliyotokea pale si ya kuulizwa barabarani. Penye siri ndipo penye kicheko. Watengenezaji wa vitanda vya maji walilijua hilo mapema, wakavitangaza kama vitanda vya anasa na mahaba, na yule tajiri wa jarida la Playboy, Hugh Hefner, alikuwa na chake kilichofunikwa kwa manyoya. Tangu hapo mchekeshaji hakuhitaji kusema mengi. Alitaja maji na kitanda, ukumbi ukamalizia wenyewe.

Sababu ya pili ni kwamba kitanda kinapaswa kutulia. Tunakiamini. Kinapotugeuka, tunabaki uchi wa hadhi. Charlie Chaplin alilifahamu jambo hilo tangu mwaka wa 1916 katika filamu yake fupi iitwayo One A.M. Anaigiza bwana mlevi anayerudi nyumbani usiku na kupigana na kitanda cha kukunja ukutani. Akikishusha, kinapanda, akikipanda, kinamtupa. Mwishowe anasalimu amri na kwenda kulala ndani ya bafu.

Nasi hapa Kenya tulikuwa na wetu. Nani asiyemkumbuka Mzee Ojwang wa Vitimbi, marehemu Benson Wanjau aliyefariki mwaka wa 2015? Hakuwa Mjaluo, lakini Kiswahili chake cha lafudhi ya Nyanza kiliwavunja mbavu watu wa Nyanza wenyewe. Yeye na Mama Kayai waliigiza mume na mke, wakagombana, wakapatana, na yote hayo yalitazamwa na watoto na wageni mbele ya runinga moja. Mchekeshaji wa namna hiyo ilimbidi ajue mpaka. Ugomvi wa mume na mke ulikuwa ruhusa, pazia la chumba cha kulala halikuwa la kufunuliwa.

Mpaka huo watu wa Suna wanaujua vizuri. Mama mkwe, yaani maro, halali katika nyumba ya mkwewe wa kiume. Mzazi haingii ovyo katika chumba cha mwanawe aliyeoa, sembuse kukilalia kitanda chake. Mbele ya hao, mzaha wa kitanda ni matusi.

Lakini kuna watu wawili waliopewa leseni: babu au nyanya, na mjukuu. Dani humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" na kumuuliza mbele za watu lini atakuja kumtengenezea kitanda chake kibovu. Mjukuu naye hujibu kwamba hawezi kumwoa bibi asiye na meno. Watu hucheka na hakuna anayetozwa faini. Mwanawe mwenyewe akijaribu maneno hayo, ukoo mzima utaitwa kikaoni.

Kumbuka leseni hiyo, msomaji. Tutaihitaji hivi punde.

KILIZALIWA HOSPITALINI

Jambo ambalo wachekeshaji hawakutuambia ni kwamba kitanda cha maji hakikuanza kama anasa. Kilianza kwa sababu ya mgonjwa.

Mnamo miaka ya 1830 kulikuwa na daktari Mskoti jijini London, jina lake Neil Arnott. Aliona wagonjwa waliolala muda mrefu wakioza migongo na nyonga kwa vidonda vya kulalia. Akafikiri hivi: mtu anapoelea majini hakuna sehemu moja ya mwili inayobeba uzito wote. Akatengeneza sanduku lenye maji, akalifunika kwa turubai lililopakwa mpira lisipitishe maji, akamlaza mgonjwa juu. Hakutaka kukimiliki kitanda hicho kisheria. Alikiacha ili yeyote aweze kukitengeneza.

Kitanda hicho kikajulikana. Katika riwaya ya Elizabeth Gaskell iitwayo North and South, iliyotoka kama kitabu mwaka wa 1855, msichana anakwenda kwa tajiri mwenye kiwanda kuazima kitanda cha maji kwa ajili ya mamake aliye mahututi, na huko anakutana na ghasia za wafanyakazi waliogoma. Hakuna anayecheka katika sura hiyo.

Mwandishi mwingine, Mmarekani Robert Heinlein, aliugua kifua kikuu katika miaka ya 1930. Akiwa amelazwa, alijiwazia kitanda cha maji kitakachompunguzia mateso, na baadaye akakieleza katika hadithi zake. Kwa hivyo kijana Charles Hall, mwanafunzi wa usanifu wa vyombo kule San Francisco, alipotengeneza kitanda cha maji cha kisasa mwaka wa 1968, maelezo hayo ya Heinlein yalimsumbua alipoomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi. Aliipata mwaka wa 1971. Biashara ikashika moto, na mgonjwa akasahaulika.

KITANDA CHA MGONJWA WETU

Sasa turudi Suna, maana hapa ndipo hadithi inapotugusa.

Wilaya za Migori na Homa Bay ziliumia sana kwa Ukimwi katika miaka ya 1990. Kabla ya dawa za kupunguza makali kupatikana bure, wagonjwa wengi waliuguzwa nyumbani, miezi kwa miezi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilianza kutoa dawa hizo katika hospitali ya Homa Bay mwaka wa 2001, na Mungu ni mwema, leo mwenye virusi huenda shambani na kulea watoto wake. Lakini kitanda cha mgonjwa hakijaondoka nyumbani. Leo kinalaliwa na mzee aliyepigwa na kiharusi, mama aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari, na kijana aliyevunjika uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda.

Kidonda cha kulalia hutokea pale mfupa unapobana nyama dhidi ya godoro mpaka damu isipite. Hupenda makalio, nyonga, visigino, viwiko na mabega. Huanza kama alama ndogo, na kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani wazi. Papase uone kama pana joto, ugumu au maumivu kuliko ngozi ya kando.

Hapa ndipo aibu inapoua. Sehemu zenyewe ni zile zisizotazamwa. Mke wa mwana hathubutu kumgeuza baba mkwe na kumpangusa makalio. Binti anaona haya kwa babake. Basi uji unaletwa, shuka linanyooshwa kwa juu, wageni wanaombea, na huko chini nyama inaoza. Siku harufu ikitoka, kidonda kimeshafika mfupani.

Ndipo ninapoikumbuka ile leseni ya mjukuu. Mila zetu zilimpa ruhusa ya kutania kitanda cha babu. Basi aruhusiwe pia kukitandika na mwenye kitanda akiwa juu yake. Yule anayeitwa "mume wangu" amgeuze dani wake, ilhali utani unaendelea ili haya ipungue: "Bibi, leo umenenepa, nitakurudisha kwenu." Aliyezoea kucheka naye hataona ajabu kumshika. Na pasipo mjukuu mtu mzima, familia iketi mapema, kabla ya kidonda, iamue nani atafanya nini. Mgonjwa haulizwi uji, na kugeuzwa vilevile hakuhitaji mkutano kila mara.

Yafanyeni haya, hayagharimu mitungi 38. Mgeuzeni mgonjwa takriban kila saa mbili, upande huu, mgongo, upande ule. Msimburure, minueni watu wawili kwa shuka, kwani kuburura huchuna ngozi. Wekeni mto chini ya ndama za miguu ili visigino vielee hewani. Shuka liwe kavu na lisiwe na mikunjo. Alama ikitokea, msiisugue. Mpeni mayai, maharagwe, omena, na maji ya kutosha. Ile desturi ya kujaza maji katika glavu za hospitali na kuziweka chini ya kisigino, au kumkalisha juu ya mpira wa duara, iacheni. Hubana mahali pamoja badala ya kusambaza uzito. Ngozi ikipasuka, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Na kama mna uwezo na stima, siku hizi kuna magodoro ya hewa yanayojaa na kupungua yenyewe kwa mota. Hayo ndiyo wajukuu wa kitanda cha daktari Arnott.

Seremala wa mtaani atakuuzia kitanda cha nakshi chenye kioo kichwani, na wageni wataulizana ulikipata wapi. Nunua ukiwa nazo, sina wivu. Ila kitanda cha kukutambulisha nyumba yako ni kile cha chumba cha nyuma, ambacho mgeni haonyeshwi. Leo jioni ingia huko, mfunue mzee wako taratibu, utazame visigino vyake.

Tukutane Jumapili ijayo, Mola akipenda.