Mishumaa Isitufiche Nyufa

Kila ufikapo mwisho wa Disemba, nyumba nyingi za kihistoria katika miji ya kale ya Marekani huzimwa taa za umeme na kuwashwa mishumaa. Wageni hulipa kiingilio, wakapitishwa chumba baada ya chumba na kusimuliwa habari za watu waliopata kuishi humo. Mji wa Williamsburg, katika jimbo la Virginia, uliianza desturi ya mishumaa madirishani katika miaka ya 1930, na hadi leo watu huusafiria kutoka mbali.

Wapo miongoni mwetu wanaouliza kwa nini Mji Mkongwe wa Zanzibar usifanye vivyo hivyo. Disemba na Januari ni miezi yetu ya wageni wengi, na tarehe 12 Januari tunaadhimisha Mapinduzi. Milango ya nakshi tunayo, kumbi na nyua tunazo, na tangu mwaka 2000 mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Swali hilo ni la haki, wala hatulipingi. Lakini kabla ya kuwasha mshumaa wa kwanza, hatuna budi kuyatazama mambo manne kwa mwanga wa mchana.

La kwanza ni usalama wa nyumba zenyewe. Tarehe 25 Disemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na wafanyakazi wawili wakapoteza maisha. Jengo hilo, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa la kwanza hapa petu kuwaka taa za umeme. Na baada ya Mapinduzi ya 1964 lilitumiwa na Chama cha Afro-Shirazi. Lilianguka likiwa mikononi mwa mafundi, katika kazi ya ukarabati iliyogharimiwa na Serikali ya Oman. Ikiwa jengo lililotazamwa na kila jicho limefikia hali ile, basi zile nyumba za vichochoroni ambazo hakuna anayezitazama ziko katika hali gani?

Kila fundi wa mji huu anajua jibu. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Adui yake mkubwa ni maji ya mvua. Paa likivuja, boriti huoza, chokaa hulegea, na ukuta huanza kufura. Anayekuja kuuziba ufa kwa saruji hudhani ameponya, kumbe amefungia unyevu ndani ya ukuta. Nyumba ya namna hiyo haifai kupandishwa wageni thelathini kwa mara moja, hata kama mishumaa itaipendezesha vipi.

La pili ni moto. Waislamu tumefundishwa tangu chuoni kwamba taa huzimwa kabla ya kulala, maana hata panya aweza kuiteketeza nyumba. Boriti kavu ya zaidi ya miaka mia haihitaji zaidi ya cheche. Kasri ya Windsor nchini Uingereza iliungua tarehe 20 Novemba 1992 kwa sababu ya taa ya umeme iliyogusana na pazia. Sembuse mwali ulio wazi! Na vichochoro vyetu ni vyembamba kiasi cha kutopitisha gari la zimamoto. Taa za betri zitatosha.

La tatu ni watu. Mji Mkongwe si makumbusho matupu. Baada ya 1964 familia nyingi za wanyonge zilipewa makazi katika nyumba zilizokuwa za matajiri, na nyingine ni za wakfu. Humo wamo wazee, wajane na wanafunzi wanaodurusu usiku. Sura ya An-Nur inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tupige hodi na kutoa salamu. Hodi hiyo haifutwi na tikiti. Na tukumbuke pia kwamba kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila ya umeme. Mshumaa ambao kwa mgeni ni pambo, kwa mkaazi ni kumbukumbu ya dhiki.

La nne ni ukweli wa historia. Huko Williamsburg zaidi ya nusu ya wakaazi wa karne ya 18 walikuwa watu weusi, wengi wao watumwa. Hata hivyo kwa miaka mingi wageni walisimuliwa habari za mabwana tu. Sisi tusirudie kosa hilo. Utajiri uliojenga majumba ya Unguja ulitokana na karafuu na pembe za ndovu, na nyuma yake palikuwa na migongo ya watumwa. Soko lao lilifungwa mwaka 1873. Mgeni anayeonyeshwa sebule ya bwana aambiwe pia nani aliyeichota chokaa, na nani aliyeshika taa.

Yakitimizwa hayo, faida ipo. Mwaka 1993 Kasri ya Buckingham ilifunguliwa kwa wageni ili viingilio visaidie kuijenga upya Windsor, na kazi ikamalizika mwaka 1997. Somo ni wazi: fedha za nyumba zirudi kwenye nyumba. Tukiacha viingilio viishie mifukoni mwa wenye mahoteli na mawakala wa safari, tutakuwa tumeuza mwanga na kubaki na moshi.

Tunatoa mwito kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, ishirikiane na wasimamizi wa wakfu, masheha na wakaazi wenyewe. Zichaguliwe nyumba chache zilizokaguliwa na mafundi, wakaazi waridhie, na hesabu za viingilio zibandikwe hadharani ili kila mtu aone ni paa lipi lililozibwa. Likizibwa moja kila msimu, tutakuwa tumeanza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Beit al-Ajaib imetufunza kwamba kuna kuta ambazo hujengwa upya, lakini roho zilizopotea chini yake hazirudi.