Mita nne za varanda ya zahanati

Siku ya mnada wa ng'ombe, mzee anayeshuka kutoka milimani Tarime hujulikana hali yake akingali mbali. Wanaomfahamu hutazama kama fimbo anaishika tu au anaiegemea, kama kisigino kinainuka au kinaburuza vumbi, kama mjukuu anayeswaga ng'ombe mbele inambidi asimame amsubiri. Kwa Wakurya na jirani zao wa Serengeti, mwendo wa mtu husomwa kila siku. Makala hii inataka uanze pia kuandikwa, kwenye kadi ya kliniki, karibu na presha.

Mwaka 2011 Stephanie Studenski na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la JAMA hesabu iliyounganisha tafiti 9 zenye watu 34,485 wa miaka 65 na kuendelea. Kila mmoja alipimwa kasi yake ya kawaida ya kutembea, kisha akafuatiliwa kwa miaka. Kila sentimita 10 zilizoongezeka kwa sekunde ziliendana na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa takriban asilimia 12. La kushangaza zaidi, umri, jinsia na kasi ya mtu vilibashiri urefu wa maisha kwa usahihi uleule wa orodha ndefu yenye magonjwa sugu, uvutaji sigara, shinikizo la damu na unene.

Mguu hautembei peke yake. Moyo lazima usukume, mapafu yavute, jicho lione jiwe, sikio la ndani lishike mizani, ubongo upange hatua inayofuata kabla hii haijaisha. Upungufu wa damu, goti lililosagika, mtoto wa jicho, hata kiharusi kidogo kilichopita usiku bila mtu kujua, huweza kuonekana kwenye hatua kabla mgonjwa hajalalamika. Wala jambo hili halianzi uzeeni: utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliotoka mwaka 2019, ulipima watu 904 wenye miaka 45, na waliotembea polepole walikuwa na miili na akili zilizochakaa mapema kuliko wenzao. Kwa umri huohuo wa miaka 45, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere, mwana wa mkoa huu wa Mara, alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha.

Msomaji wa Nyamwaga au Mugumu anaweza kusema kwamba wazee wa huku hawahitaji kufundishwa kutembea. Kweli kabisa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilieleza jinsi wanawake wa Kiluo na Kikuyu nchini Kenya walivyoweza kubeba mzigo unaofikia sehemu ya tano ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Na Waluo ni majirani wa Rorya, iliyokuwa Tarime hadi 2007. Tena, tafiti 8 kati ya zile 9 za Studenski ni za Marekani na moja ya Italia, kwa hiyo vipimo vyake visichukuliwe kama sheria ya milimani. Mzee wa Tarime alinganishwe na yeye mwenyewe wa mwaka jana.

Hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu mwaka jana haujaandikwa. Na bodaboda imelificha zaidi. Bibi aliyekuwa akienda sokoni kwa miguu sasa hupakiwa mlangoni na kushushwa kwenye benchi la zahanati. Mhudumu humkuta ameketi na humwacha ameketi. Babu akiacha kwenda kwenye ritongo, mkutano wa jamii wa Wakurya, watoto husema ni uzee tu. Bodaboda ni msaada mkubwa, hasa kwa mgonjwa, lakini imeondoa barabarani kipimo ambacho kijiji kizima kilikuwa kikikisoma bila gharama.

Kukirudisha hakudai mashine. Varanda inatosha: chora mistari miwili ya chaki iliyoachana mita 4, acha mita moja ya kuanzia na nyingine ya kumalizia, shika simu yenye saa. "Shikamoo bibi. Hebu tembea mpaka pale, kama unavyotembea siku zote." Fimbo yake aende nayo. Akitumia zaidi ya sekunde 5, yuko chini ya mita 0.8 kwa sekunde, kiwango ambacho chini yake wataalamu wengi huanza kuwa na wasiwasi. Kwa mwendo huohuo, kilomita 5 za kwenda sokoni humchukua saa moja na dakika 44, hata kabla ya kuhesabu mlima.

Namba ikishuka, kazi ndiyo inaanza: apimwe presha na wingi wa damu, macho yatazamwe, aulizwe anakula nini na kama ameanguka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unamtaka pia ainuke kitini mara 5 bila kutumia mikono, ndani ya sekunde 14. Akishindwa, achunguzwe zaidi. Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka mwaka 2003, na dirisha la wazee lipo kwenye hospitali nyingi. Kutoka dirisha hilo hadi mlango wa daktari kwa kawaida ni zaidi ya mita 4, na mzee hupita hapo kila anapokuja.