Fulana Zetu, Picha Zao

Leo sisi wa safu ya nyuma tuna letu la kusema.

Sisi ni wale wa klabu za jogging. Jumapili alfajiri mnatusikia mitaani kwenu, Temeke, Mbagala, Buguruni, tukiimba mchakamchaka na kupuliza filimbi, na wengine wenu mnatulaani mkiwa kitandani. Hatulipwi. Fulana tunajinunulia, ada tunatoa, na mwenzetu akifiwa tunachanga, tunabeba jeneza, tunalala matangani. Wengi tulikuja kupunguza vitambi na kushusha presha. Tukabaki kwa sababu tulipata ndugu. Mbio hazijawahi kutushinda. Kinachotushinda ni meza kuu.

Tazameni siku ya bonanza. Kuna mzee wetu mmoja wa kibendera chekundu. Yeye ndiye anayetangulia kwenye makutano ya barabara, anasimama katikati ya lami kukiwa bado giza, anazuia daladala na bodaboda, anatukanwa na madereva, mpaka mkimbiaji wa mwisho avuke. Kuna akina mama walioamka saa nane za usiku kuchemsha supu. Kuna kijana anayesukuma toroli la maji. Hao wote bonanza likiisha wanaokota chupa tupu uwanjani.

Mgeni rasmi anafika saa nne, trakisuti ina mikunjo ya dukani. Anakimbia hatua za kutosha kupigwa picha. Risala inasomwa, anaahidi jezi na mipira, anakabidhiwa cheti cha shukrani chenye fremu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tumecheza kwetu miaka yote. Anayetunzwa ni mgeni.

Tunajua kinachowaleta wageni hawa na walezi wa klabu zetu. Klabu yenye watu mia moja ni kura mia moja, hapo hujahesabu wake, waume na majirani. Ndiyo maana kila baada ya miaka mitano, uchaguzi wa madiwani na wabunge ukinukia, simu za walezi zilizokuwa hazipatikani zinaanza kupatikana. Mlezi anashika maiki yetu, iliyokodiwa kwa ada zetu, anaeleza atakavyotutengenezea barabara. Lakini mwanachama akiuliza uchaguzi wa klabu ni lini, anajibiwa kwa ukali: tusilete siasa kwenye michezo!

Na kweli, ni lini? Mwenyekiti ni yule yule tangu tulipokuwa tukikimbia na fulana za rangi saba tofauti. Katiba tunayo. Bila katiba huwezi kusajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, na Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa sheria tangu mwaka 1967, kwa hiyo hili si jambo geni nchini. Tulichangishana kuichapa na kuitolea nakala. Siku hizi iko kabatini kwa katibu, na ufunguo anao mwenyekiti.

Anayehoji anaitwa mchochezi, anaondolewa kwenye kundi la WhatsApp usiku wa manane. Akiwa na wafuasi, anaondoka nao, na wiki chache baadaye tunapishana nao njiani wakiwa na fulana mpya na jina jipya, nao wana mlezi wao na meza kuu yao. Ndiyo maana mtaa mmoja una klabu tatu zisizosalimiana, na watu walewale walizikana pamoja juzi tu.

Hatutaki makubwa. Mkutano mkuu uitishwe kama katiba inavyosema. Daftari la mapato na matumizi lisomwe mbele ya watu, pamoja na zile bahasha za walezi ambazo huwa tunazisikia zikitangazwa kisha hatuzisikii tena. Mlezi aje, karibu sana, lakini aje alfajiri, akimbie, na maiki aiache kwa mshereheshaji.

Mgeni rasmi wa bonanza lijalo tumeshampata: mzee wa kibendera. Atakaa meza kuu, atasomewa risala, na kibendera siku hiyo atakishika mwenyekiti. Mwenye pingamizi alilete kwenye mkutano mkuu, akiukubali uitishwe.