Kabla ya Kumpeleka Mwana Klabuni

Mzazi wa Bukoto hana safari ndefu kufika Lugogo, penye uwanja wa KCCA uliopewa jina la Phillip Omondi. Omondi aliichezea klabu hiyo, na alikuwemo katika timu ya Uganda iliyofika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1978. Mtoto aupitaye uwanja huo hujiona naye yumo. Hata hivyo, ndugu msomaji, jina la klabu halilei mtoto, humlea mwalimu.

Basi usiende kutazama siku ya mechi tu. Nenda siku ya mazoezi, katikati ya juma. Waache wafungaji, uwatazame walioko benchi. Je, mwalimu anawajua kwa majina? Anawafundisha, au anawatukana? Klabu ya ushindani huwa na watoto wengi kuliko nafasi, na yamkini wako atakuwa miongoni mwa wanaongoja.

Uliza ada, usafiri wa jioni na saa ya masomo. Ukishauriwa kupunguza umri wa mtoto, ondoka. Ukiahidiwa kwamba atapelekwa Ulaya, shika fedha zako: kanuni za FIFA, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, zakataza kumhamishia mchezaji nchi nyingine kabla hajatimiza miaka 18.

Askari huhamishwa kituo wakati wowote. Kwa hiyo atakayebaki nyumbani naye amjue mwalimu huyo kwa uso. Samaki mkunje angali mbichi, lakini mkono unaomkunja uwe wa mtu umjuaye.