Vijana 40 wa Buta waliambiwa watengane, wakakataa

Tarehe 30 Aprili 1997, alfajiri, watu wenye bunduki waliingia seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi. Wakafika bweni la wanafunzi wakubwa, wakatoa amri moja: Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Amri ikarudiwa, wakakataa tena. Zikafuata risasi na guruneti. Wanafunzi 40 wakafa.

Sasa, kuna wale husema hii si stori ya dini. Ati mfiadini ni yule aliyeambiwa amkane Kristo akakataa, na hawa waliulizwa kabila tu. Tuwasikitikie kama wahanga wa vita, basi. Mimi napinga kabisa.

Hebu iangalie ile amri vizuri. Washambuliaji walikuwa waasi wa Kihutu. Kwa hivyo kijana Mhutu aliyekuwa mle bwenini alikuwa na njia ya kutoka akiwa hai. Hakuombwa amguse mtu wala amtukane mtu. Ni kusonga tu hatua chache asimame upande wake, na pengine leo angekuwa padre wa parokia fulani, ana kitambi na pikipiki. Akabaki pale na mwenzake Mtutsi. Kama hiyo si imani, enyewe sijui watu huenda kanisani kutafuta nini.

Na usidhani ule ujasiri uliwashukia asubuhi hiyo. Tangu Rais Melchior Ndadaye auawe Oktoba 1993, majirani walikuwa wakichinjana nchi nzima. Pale Buta, mkuu wa seminari, Padre Zacharie Bukuru, hakujifanya mambo ni shwari. Aliwakalisha vijana wa pande zote mbili waongee, kila mtu na hasira yake na misiba ya kwao. Wakala pamoja, wakasali pamoja, wakalala bweni moja. Walikuwa hata wametoka mafungoni juzijuzi tu. Yaani bunduki zilipofika, jibu lilikuwa limefanyiwa mazoezi kwa miaka.

Hata hapa Kenya tumewahi kuliona jibu hilo. Desemba 2015, karibu na El Wak, Al-Shabaab walishambulia basi wakataka Wakristo watengwe na Waislamu. Abiria Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi akiwakinga wenzake, akafariki Januari 2016. Si Mkatoliki, lakini mimi namweka kwenye benchi moja na wale vijana.

Sisi wengine tunafanya mazoezi gani? Unaenda kutafuta nyumba, unaulizwa jina, halafu "hapana, lile lingine." Uchaguzi ukikaribia, grupu la WhatsApp la familia linageuka kambi, na wale wazee wanaotutumia baraka kila asubuhi ndio haohao wanatuma sauti za "watu wetu" na "wale." Hiyo ndiyo ile amri ya Buta, bila bunduki. Na tunaitii haraka sana, bana.

Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza vijana hao wenye heri. Roma ichukue muda wake. Kinachonikera ni kwamba somo la dini nilisoma miaka 12, Mashahidi wa Uganda nikawajua mpaka kwa majina, lakini Buta sikuwahi kuisikia darasani hata siku moja. Na kutoka hapa, Burundi ni safari ya basi tu.