Tumeuza pamba, tukakodi plastiki

Dada zetu, na hasa nyinyi mnaohesabu wiki za kuingia ndoani.

Leo tuna jambo linatuchoma na tutalisema wazi. Tulikwenda Bariadi, mkoani Simiyu, kumwoza binti wa mama yetu mdogo. Mama huyu ni mtu wa Unguja kama sisi. Aliolewa bara miaka mingi iliyopita na Msukuma, Muislamu mwenzetu, mkulima wa pamba. Safari ni ndefu: boti mpaka Dar, kisha basi kupitia Dodoma, Singida, Shinyanga na Maswa. Ulikuwa msimu wa mauzo. Kuanzia Maswa tuliona pamba kila upande, kwenye maghala, kwenye malori, mpaka miiba ya kando ya barabara imenasa nyuzi nyeupe.

Ndani ya begi letu tulikuwa na amana: doti ya kisutu, ile aliyoolewa nayo bibi yetu, mama yake mama mdogo. Bibi ametangulia mbele ya haki, kanga imebaki. Nyekundu yake imeshuka kidogo, lakini kitambaa ni kizima, hakina hata tundu. Nia yetu ilikuwa mjukuu wake ajifunge siku ya hina, sisi wanawake tupu tukiwa ndani.

Tukaifungua. Shangazi mmoja akacheka, akasema: "Hii si ya kupigia deki?" Chumba kizima kikacheka, bibi harusi akainamisha uso. Kumbe gauni lilikuwa limeshakodiwa Mwanza. Setini ya kung'aa, mkia mrefu, shanga kifuani, laki nne kwa siku moja. Tuligeuza lebo ya ndani tukasoma: poliesta asilimia 100. Poliesta ni uzi wa plastiki, ndugu zetu. Na zile laki nne zilitoka wapi? Zilitoka kwenye pamba ya baba yake. Mzee amelima, amepalilia, ametia dawa, amechuma kwa mkono, amebeba mpaka kwenye ghala la ushirika, amelipwa. Kisha pesa ya pamba ikaenda kukodi plastiki, na pamba yenyewe ya bibi ikaitwa tambara la deki.

Hapo ndipo tulipoona lazima tuandike.

Sisi tunapenda nguo za zamani, hilo hatufichi. Tunapenda buibui la kamba lililofungwa kichwani, magauni ya marinda ambayo mama zetu walishonewa na fundi wa mtaani, kanga zilizofifia mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto. Tunapenda nguo ambayo ukiishika unajua imeshaishi na mtu. Tunajua pia kwamba siku hizi mapenzi haya yamekuwa ya kisasa na yamepewa jina, "vinteji". Msichana ananunua gauni la maua lililovaliwa na bibi wa mtu huko Ulaya, analipata kwenye belo la mitumba, analipiga pasi, anapiga picha, na wenzake wanamsifu. Hatuna ugomvi naye. Nusu ya makabati yetu ni mitumba, ile ambayo wazee waliiita kafa Ulaya. Ugomvi wetu ni huu: kwa nini gauni la bibi asiye wetu liwe vinteji, na kanga ya bibi yetu iwe deki?

Anayesema kanga haina historia hajaulizia. Karne ya 19 nguo iliyotawala soko la Unguja ilikuwa merikani, shuka nene ya pamba isiyopaushwa iliyoletwa na majahazi ya Wamarekani, wengi wao kutoka mji wa Salem, Massachusetts. Sayyid Said aliwekeana nao mkataba wa biashara mwaka 1833. Kutoka hapa visiwani merikani ilibebwa na misafara mpaka Tabora na nchi za Ziwa, ikawa ndiyo fedha ya njiani. Merikani hiyo hiyo ikitiwa nili inakuwa kaniki, na kaniki ndiyo waliyovishwa wanawake watumwa.

Kwa hiyo hatuwaambii kwamba kila cha zamani ni kitamu. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamevishwa kaniki waliivua, wakajitafutia kanga zenye rangi na maua. Nguo ile ilikuwa ikisema: mimi sasa nimo, nihesabuni. Na kanga yenyewe walianza kuibuni wanawake wa pwani. Walinunua leso za rangi zilizokuwa zikiuzwa kwa jora, wakazikata na kuziunga ziwe nguo moja pana, mpaka wafanyabiashara wakaona bora wazichape nzima nzima. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887 na ambalo kanga zake zinajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", ndilo linalotajwa kuanzisha maneno juu ya kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi. Mwanamke ambaye hakuwa na nafasi ya kusema barazani akapata pa kusemea. Hiyo ndiyo nguo tunayopigia deki.

Sasa turudi Simiyu. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012, una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na ndio unaoongoza kwa pamba Tanzania. Lakini mkulima wa Bariadi akiuza pamba yake, kiwanda cha pale kinatenga mbegu na nyuzi, na sehemu kubwa ya nyuzi hizo inapanda meli kwenda ng'ambo ikiwa ghafi. Nguo zinasokotwa kwa wenzetu. Zamani tulikuwa na viwanda vyetu: Urafiki pale Dar, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwatex ya Mwanza, Mutex ya Musoma. Mama zetu wanazikumbuka kanga za Urafiki kwa majina. Leo ingia duka lolote la Darajani, uliza kanga nzuri, uone mara ngapi utaambiwa hii imetoka India.

Na kuna jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la kuliza. Huko Meatu tangu miaka ya 1990 kuna wakulima wanaolima pamba bila dawa za viwandani, chini ya mradi wa bioRe wenye asili ya Uswisi. Mwanamke wa Uswisi anaingia dukani, anatafuta nguo ya pamba safi, analipa zaidi ili aipate, na anajisifu nayo. Binti wa Simiyu, siku yake ya heshima kuliko zote, anakaa ndani ya poliesta akitoka jasho mpaka hina inayeyuka. Tulimpepea kwa sahani, wallahi. Jioni pindo la gauni likachanika mlangoni, na kesho yake mama mdogo akadaiwa elfu themanini za matengenezo. Akazikopa kwenye kikoba chake. Mwezi mzima baada ya harusi alikuwa bado analipa.

Tutaambiwa: "Mnataka bibi harusi aonekane hana." Basi tusikilize habari ya bibi harusi za Madina. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba mtu mmoja aliingia kwa Bibi Aisha, Mama wa Waumini, radhi za Allah ziwe juu yake, akamkuta amevaa vazi zito la thamani ya dirhamu 5. Bibi Aisha akamwonyesha kijakazi wake, akasema kwamba binti yule anajiona mkubwa wa kulivaa vazi kama lile hata ndani ya nyumba. Na zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na vazi kama hilo, na hapakuwa na mwanamke Madina aliyetaka kupambwa ila alituma mtu kwake kuliazima. Imamu Bukhari akaiweka hadithi hii katika mlango unaohusu kumwazimia nguo bibi harusi.

Isomeni tena polepole. Vazi moja, lililoshavaliwa, likizunguka nyumba hadi nyumba, likipamba wanawake wa kizazi bora kuliko vyote. Kisha anakuja binti wa baadaye analiona halimfai. Yule shangazi wa Bariadi tumemkuta humo humo kitabuni, na sisi wenyewe siku nyingine tunajikuta humo.

Hatusemi gauni jipya ni haramu. Hatuna elimu ya kutoa fatwa, na mwenye uwezo wake avae alichojaaliwa, kwa stara. Tunachokataa ni aibu. Aibu ya kuvaa cha bibi ndiyo inayowatia mama zetu kwenye madeni, na israfu dini yetu imeikataza hata kwa tajiri, sembuse kwa mtu aliyeuza pamba ya msimu mzima.

Wengine watasema kanga za zamani zimekwisha, hazipatikani. Mmetafuta? Nendeni kwa bibi, kwa shangazi wa baba, kwa somo aliyemfunda mama yako. Ombeni kwa adabu wafungue kasha. Mkiikuta kanga msijue kama ni pamba, chomoeni uzi mmoja pindoni muuchome: wa pamba unanuka kama karatasi na kuacha jivu, wa plastiki unayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Kanga kongwe isifuliwe kwa mashine wala dawa ya kung'arisha. Ifuliwe kwa mkono, kwa maji baridi na sabuni kidogo, ianikwe kivulini. Ikikauka, ifukizwe udi, iwekwe mahali pakavu pamoja na karafuu chache ndani ya kitambaa, na kila baada ya miezi ikunjuliwe na kukunjwa upya, kwa sababu kanga hukatikia kwenye mkunjo. Kama imechakaa kabisa, msiitupe. Fundi ataitia kwenye ukosi wa gauni, kwenye mikono, au kuizungushia mto wa kukalia bibi harusi.

Na wewe bibi harusi, kabla hujatoa arubuni ya gauni, uliza mambo matatu: nani aliivaa kabla yangu, imetengenezwa kwa nini, na nani atalipa. Ukiulizwa wewe kuhusu kanga ya bibi yako, majibu yote matatu utakuwa nayo mdomoni.

Tumalizie ya Bariadi. Siku tuliyokuwa tunaondoka, alfajiri, tulipokwenda kumuaga bibi harusi kwa mumewe, alitufungulia mlango akiwa amejifunga ile kisutu. Hakusema kitu, na sisi hatukusema. Nyuma yake alisimama mama wa baba yake, bibi wa Kisukuma aliyekuja kumjulia hali. Tukamwamkia, "Mwangaluka, mayu." Akaitika, akaishika ncha ya kanga kwa vidole vilivyochuma pamba tangu utoto, akaisugua kidogo, akasema: "Hii ni pamba. Pamba kweli." Kisha akamwambia mjukuu wake aitunze, atakuja kuihitaji binti yake.

Dada zetu, fungueni makasha. Wassalaam.