Grisi Kila Maili 3,000

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wengine wenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kuandika au nimepata kazi Nairobi. Hapana. Nilikuwa Gatuanyaga, chini ya gari la mjomba wangu, nikiwa na grisi hadi kwenye nyusi. Leo nataka kuwaeleza nilichokikuta huko chini, kisha niseme jambo moja kuhusu kazi yetu sisi waundaji wa programu. Huenda likawaudhi baadhi ya wenzangu, na wateja wao vilevile.

Gari lenyewe ni MGB ya mwaka 1971, ya viti viwili, paa la turubai. Mjomba alilinunua mwaka 1988 kwa Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao. MGB zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na zilipita nusu milioni. Sisi watu wa Thika tuna undugu nazo kidogo. Kampuni iliyomiliki MG miaka hiyo ni British Leyland, na mwaka 1974 jina hilo hilo la Leyland lilifika hapa kwetu kilipoanzishwa kiwanda cha Leyland Kenya, ambacho leo tunakijua kama Kenya Vehicle Manufacturers. Gari la mjomba wakati huo lilikuwa tayari na miaka mitatu barabarani.

Tatizo lilianza kama mlio. Kila mjomba alipoiacha lami ya barabara ya Garissa na kuingia vumbi la kuelekea kwake, upande wa kushoto mbele uligonga: ko, ko, ko. Baadaye usukani ukawa unavuta kwenda pembeni bila kuombwa. Mimi, kwa haraka zangu za kijana wa tarakilishi, nilikuwa na jibu kabla hata sijaliona gari. Nikasema tung'oe sasapensheni yote ya mbele, tuagize seti mpya ya kisasa kutoka Uingereza, tuifunge, tumalize. Fundi tuliyemwita kutoka Makongeni, mzee aliyezoea malori kuliko magari ya starehe, akanicheka. "Kijana, hujapima na tayari unataka kukata?"

Akapiga jeki. Akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akaniambia niingie ndani nikanyage breki, kisha akatikisa tena. Bado likacheza. "Si beringi basi," akasema. Ukikanyaga breki, gurudumu na ekseli yake vinashikana kuwa kitu kimoja, kwa hivyo mchezo wa beringi hupotea. Mchezo ukibaki, ujue ugonjwa uko ndani zaidi. Mimi nimelipwa pesa nzuri kutafuta hitilafu kwenye programu, lakini sijawahi kutenga chanzo kimoja na kingine kwa sekunde kumi na mguu mmoja.

Ngoja niwaeleze muundo wake kwa ufupi. Kuna chuma kilichosimama wima, kinaitwa kingpini, na ndicho gurudumu huzungukia unapokata kona. Chini kinashikwa na mikono miwili ya chuma inayobeba springi. Juu kinashikwa na mkono wa shoki yenyewe. Shoki ya MGB si ile bomba ndefu tuliyoizoea. Ni kisanduku kizito chenye mafuta ndani, kimefungwa kwa boliti juu ya boriti ya mbele, na mkono wake ndio pia kiungo cha juu cha sasapensheni. Kifaa kimoja, kazi mbili. Nilipokiona mara ya kwanza nilikiita ujinga. Kumbe asili ya mchoro huo ni kazi ya Alec Issigonis, yule aliyekuja kubuni Mini ya mwaka 1959, pamoja na mwenzake Jack Daniels, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Ulitoka kwenye MG Y ya 1947, ukaingia MGA ya 1955, ukafika MGB na kudumu hadi 1980. Niambieni ni msimbo wa nani kati yetu utakaoishi hivyo.

Kufungua kulituchukua siku nzima. Springi iliyobanwa inaweza kumuua mtu, kwa hivyo fundi hakuifanyia mzaha. Alitoa boliti mbili kati ya nne zinazoshika sahani ya springi kwa chini, akaweka boliti ndefu mahali pake, ndipo akatoa zile mbili nyingine na kulegeza nati za zile ndefu kwa zamu, taratibu, mpaka nguvu ya springi ikaisha yenyewe. Hakuna aliyezungumza wakati huo. Hata mjomba aliacha kutoa maelekezo.

Tulichokikuta ndicho kilichonifanya niandike. Springi zilikuwa nzima. Mikono ilikuwa mizima. Shoki zilihitaji kuongezwa mafuta tu. Vilivyokufa ni bushi za mpira, zilizokatika kama makombo ya mkate, na kingpini zote mbili, zilizoliwa hadi ukipitisha kidole unahisi ngazi kwenye chuma. Sababu? Kila upande una vitundu vitatu vya kupigia grisi. Sita kwa jumla. Vyote sita vilikuwa vimezibwa kwa rangi nyeusi. Kuna mtu, miaka ya nyuma, aliyelipwa kuipaka rangi sasapensheni ipendeze, akapaka juu ya vitundu, na tangu hapo hakuna grisi iliyopita.

Ndani ya kisanduku cha dashibodi tulikuta kitabu cha dereva kilichokuja na gari. Kurasa zake ni safi kama Biblia ya mtu asiyeenda kanisani. Imeandikwa wazi humo: grisi kila maili 3,000, yaani takriban kilomita 4,800. Kazi ya robo saa. Bomba la grisi, vitundu sita, basi. Mjomba alisoma, akanyamaza, kisha akasema, "Mimi nilikuwa nikiliosha kila Jumapili."

Haya basi, turudi kwenye tarakilishi, maana najua kuna wanaouliza haya yote yanatuhusu nini.

Miaka michache iliyopita, nikiwa nimetoka chuo kikuu karibuni, nilikiundia chama kimoja cha ushirika cha wakulima programu ya kurekodi maziwa. Mkulima analeta maziwa asubuhi, yanapimwa, kilo zinaingia kwenye hifadhidata, mwisho wa mwezi analipwa. Nikaikabidhi, nikalipwa, tukapiga picha, nikaondoka. Hakuna aliyeuliza nani atakuwa akiitunza, nami sikusema, kwa sababu nilihofia bei ikipanda watamtafuta mwingine. Mwaka wa pili waliniita, wakanilipa nibadilishe rangi za kurasa na kuweka nembo mpya. Nikafanya hivyo. Sikufungua kitu kingine chochote.

Miezi minne baadaye diski ikajaa usiku na hifadhidata ikaharibika. Nikawaambia wasiwe na wasiwasi, kuna nakala rudufu ya kila usiku. Nilipoifungua nikakuta faili tupu. Kuna siku neno la siri la hifadhidata lilibadilishwa, programu ya kunakili ikawa inaamka kila usiku, inashindwa kuingia, inaandika faili isiyo na kitu, inalala. Wiki zote hizo. Kilichowaokoa wakulima ni mama mmoja wa mapokezi ambaye hakuwahi kuiamini tarakilishi, akaendelea kuandika kilo za kila mtu kwenye daftari lake. Tuliingiza daftari lote kwa mkono. Watu walichelewa kulipwa, na karo za watoto zilikuwa zinangoja.

Nilipoziona zile rangi nyeusi juu ya vitundu vya grisi, niliiona kazi yangu mwenyewe. Mimi ndiye yule mpaka rangi.

Hoja yangu ni hii. Programu zetu haziuawi na uzee. Zinauawa na sisi kuuza ujenzi bila kuuza utunzaji. Mteja analipa siku ya kuzindua na siku ya kupaka rangi. Katikati hapo hakuna anayelipia kuangalia nafasi ya diski, kujaribu kurejesha nakala rudufu, kuziba mianya ya usalama. Methali ya ufa na ukuta tuliikariri tangu shule ya msingi, lakini katika mikataba yetu haimo.

Wala si sisi tu. Mwezi Machi 2024, mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwenye mashine yake kupitia SSH kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Akafuatilia mlio huo mdogo, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ya kubana faili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux. Programu hiyo kwa miaka ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea, akiwa amechoka, na mshambuliaji akajipenyeza kwa kujifanya msaidizi. Dunia nzima ilikuwa inaendesha gari hilo bila kujua nani anapiga grisi.

Najua kuna atakayenijibu kwamba magari ya siku hizi hayana vitundu hivyo. Viungo vya Probox vimefungwa kiwandani, na inabeba miraa, abiria na mchanga bila kulalamika. Kweli kabisa. Kikichakaa unakwenda Kirinyaga Road, unanunua kingine. Vivyo hivyo, chama cha ushirika kinaweza kukodi programu ya kampuni ya ng'ambo kupitia intaneti, ikatunzwa huko huko. Sina ugomvi na hilo, na kwa chama kidogo pengine ndiyo njia bora. Lakini angalieni jambo moja: huduma hizo hulipiwa kila mwezi, na mteja hulipa bila kuuliza. Mteja yuyo huyo, kijana wa Thika akimtajia ada ya utunzaji ya kila mwezi, humuona mwizi. Kwa nini? Kwa sababu sisi wenyewe tulimzoesha kwamba programu ni kama jengo, ukishapewa funguo basi.

Kwa hivyo tangu sasa mimi sikabidhi kazi bila mambo matatu. Kwanza, ukurasa mmoja, kwa lugha anayoielewa karani, unaosema kila kitundu cha grisi kiko wapi. Pili, ratiba yenye tarehe, na ndani yake siku ya kurejesha nakala rudufu kweli kweli kwenye mashine nyingine, si kutazama tu kama faili ipo. Tatu, ada ya utunzaji iliyoandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza. Asiyeitaka nitamshauri aende akakodi, na sitamkasirikia. Nimeshapoteza mteja mmoja kwa sababu ya msimamo huu. Inauma, lakini haiumi kama ile simu ya usiku.

Gari je? Kingpini mpya zilifika, bushi zake zikachongwa kwa kipimo na fundi wa leithi mjini. Bushi za mikono ya chini tuliweka zile za MGB GT V8, za miaka ya 1973 hadi 1976, maana zinaingia bila kubadilisha chochote na zinadumu zaidi. Boliti zake tulizikaza mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, ili mpira usijifunge ukiwa umejipinda. Vitundu sita tulivisafisha kwa mafuta ya taa na sindano. Jumamosi iliyopita tulishuka nalo hadi upande wa Fourteen Falls na kurudi. Mlio umekwisha.

Mjomba amenunua bomba lake la grisi. Mita za gari zinahesabu maili, kwa hivyo ameandika kwa chaki ukutani pa gereji namba ya kupigia tena. Juzi nilimpa ndugu yangu mdogo brashi na kopo la rangi apake boriti, mjomba akamsimamisha, akachukua vipande sita vya karatasi ya kunata, akaviziba vitundu kimoja kimoja kwanza.

Nawe, mara ya mwisho kufungua nakala rudufu yako ilikuwa lini? Niandikie. Na kama jibu ni "sikumbuki," usianze kwa kuniandikia.